Moyo wa Hesabu

Msomaji, weka kiganja juu ya kifua chako. Pigo unalolisikia limeanzishwa na umeme hafifu uzaliwao katika chemba ya juu ya kulia ya moyo, ukaenea moyo mzima kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivunjika vibaya, wimbi la umeme huzunguka kama kisulisuli. Moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mgonjwa asipopata msaada hufa kwa dakika chache.

Mwaka 1960 Denis Noble, mtafiti kijana mjini London, alieleza jinsi alivyoyafuatisha mapigo ya moyo kwa kompyuta. Alichukua milinganyo ambayo Hodgkin na Huxley waliitoa mwaka 1952 kwa kuchunguza neva ya ngisi, akaigeuza ifae nyuzi za moyo. Tangu hapo wataalamu wameunda mioyo mizima ya hesabu, wakaivuruga kwa makusudi ili wajue mapigo huendaje kombo.

Je, ni haki uhai wa mtu kutegemea kivuli cha moyo?

Wako wasemao kwamba kivuli si mti. Ni kweli, lakini akili zetu nazo hutunga vivuli. Zamani madaktari wengi waliamini kuwa mtu aliyepata shambulio la moyo angeokoka kama mapigo yake ya ziada yangenyamazishwa. Dawa mbili zilizoyanyamaza mapigo hayo zilijaribiwa Marekani. Mwaka 1989 ikadhihirika kwamba waliozimeza walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Imani ile ilikuwa kivuli pia, na gharama ya kuisahihisha ililipwa kwa roho za watu.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya moyo wa hesabu. Waweza kusimamishwa mara elfu, na pasiwe na mjane wa kulia. Lakini fadhila hiyo ndiyo upungufu wake: kisichokufa hakina cha kupoteza, wala hakiwezi kubeba lawama. Ikikosea hesabu, atakayeulizwa ni daktari aliyeifuata.

Kwa hiyo hesabu na iwe mshauri, isiwe hakimu. Anayeidharau hukataa taa gizani; anayeiabudu huangalia taa akasahau njia. Nawe, msomaji, siku utakapopewa jibu na mtambo, lipime vema. Kisha mtazame usoni yule ambaye jibu hilo litamwangukia, ndipo uamue.