Mji Wenu Usikose Sura Yake

Wanangu mliolowea Marekani, haya nimeyasema mpaka koo limekauka, lakini nitayarudia kwa sababu ninyi ndio mtakaobaki. Mnaniambia miji ya huku yote ni mamoja. Ukichepuka kutoka barabara kuu, iwe Ohio au Texas, unakutana na kituo kile kile cha mafuta, McDonald's ile ile, na Walmart ile ile katikati ya uwanja wa magari. Mnayasema hayo kana kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Sivyo. Ni watu walioamua.

Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu, na serikali ya taifa ikabeba asilimia 90 ya gharama. Barabara zile zina faida, sikatai. Lakini nyingi zilipita kando ya miji midogo, na biashara ikahamia huko yapitako magari. Kampuni yenye maduka mengi huchora jengo moja na kulijenga kila mahali, maana kuchora upya ni gharama. Mwenye duka la viatu katikati ya mji hakuziweza bei za kampuni kama hiyo. Alipofunga, kinyozi na mwenye mgahawa wa jirani nao wakakosa wateja.

Sasa tazameni Savannah, Georgia. James Oglethorpe aliupanga mji ule mwaka 1733, nyumba zikizunguka viwanja vidogo vya wazi. Mwaka 1954 soko kuu lililokuwa katika kiwanja cha Ellis lilibomolewa ili lijengwe ghorofa la kuegesha magari. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya nyumba ya Davenport, iliyojengwa mwaka 1820, nayo ivunjwe kwa ajili ya magari. Hapo wanawake saba walisema basi. Wakaanzisha chama, wakachanga fedha, wakainunua nyumba ile. Baadaye chama kiliendelea kununua majengo ya zamani na kuyauza kwa watu waliofungwa na mkataba wa kuyakarabati. Fedha ikirudi, inanunua jengo jingine. Lile ghorofa la magari nalo hatimaye likavunjwa, na mwaka 2010 kiwanja cha Ellis kikafunguliwa tena, magari yakiwekwa chini ya ardhi. Miaka zaidi ya 50 ilipita ili kurudisha kiwanja kimoja, na jengo la soko halikurudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msiniambie kwamba hayo ni ya wenyeji wenye mali. Lewiston, Maine, uliishi kwa viwanda vya nguo. Viwanda vilipokufa, maduka mengi ya mtaa wa Lisbon yalibaki matupu. Kuanzia mwaka 2001 wakaja Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi nchini Kenya. Si wote waliowakaribisha; mwaka 2002 meya aliandika barua ya wazi akitaka wenzao wasiendelee kuja kwa wingi. Wao wakakodi milango ile iliyofungwa, wakauza mchele, viungo, vitambaa na sambusa. Mtaa ukapata watu. Basi hata mgeni anaweza kuupa mji sura.

Simlaumu mama anayehesabu dola zake mwisho wa mwezi na kwenda penye bei ya chini. Watoto lazima wale. Ila wewe mwenye nafasi, nyama yako nunua kwa mchinjaji wa mtaani na nywele zako kanyolewe kwa kinyozi unayemjua kwa jina. Ukifungua duka, panga chumba cha katikati ya mji kabla hujakimbilia kando ya barabara kuu.

Na halmashauri ya mji inapokaa kuamua kipi kivunjwe na kipi kijengwe, mkutano huwa wazi na mwananchi hupewa nafasi ya kusema. Viti vingi huwa vitupu. Nendeni mkakae, na mseme kabla tingatinga halijafika.