Hukumu na Huruma katika Hadithi za Urusi ya Kale

Mtu akifa, hukumu yake haifi pamoja naye. Walio hai humtaja, humsifu au humlaani, naye hana kinywa cha kujibu. Kwa hiyo yafaa tuulize: mtu aliyeitwa mwasi au msaliti na watu wa zama zake ana haki gani juu yetu sisi tuliozaliwa baadaye? Historia hutuambia alilotenda. Je, hilo pekee latosha kumhukumu? Swali hili liliwashughulisha sana watungaji wa Urusi kabla ya mapinduzi ya mwaka 1917. Wengine wao hawakulijibu kwa hoja kavu, bali kwa hadithi za mambo yaliyopita, na katika hadithi hizo walipima roho za watu kama vile mfua dhahabu apimavyo dhahabu. Natutazame tatu.

Ya kwanza ni ya Alexander Pushkin, mshairi ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika. Katika miaka ya 1773 hadi 1775 Mkosaki mmoja aitwaye Pugachev aliongoza uasi mkubwa dhidi ya Malkia Catherine wa Pili. Alidai kwamba yeye ndiye mume wa malkia, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kufa. Aliua wengi, na mwisho wake aliuawa mbele ya umati mjini Moscow. Mwaka 1833 Pushkin alisafiri mpaka Kazan na Orenburg, akawauliza wazee waliomkumbuka. Kutokana na safari hiyo na hati alizozisoma alitoa vitabu viwili. Cha kwanza, cha mwaka 1834, ni historia ya uasi. Cha pili, cha mwaka 1836, ni hadithi iitwayo Binti wa Kapteni.

Katika hadithi, kijana ofisa anapotea katika tufani ya theluji, na mtu asiyemjua anamwongoza mpaka kwenye nyumba ya kulala wageni. Kijana anamtunza kwa koti la ngozi ya sungura. Baadaye ngome ya kijana inatekwa na waasi, naye anaburutwa mpaka chini ya mti wa kunyongea. Hapo anagundua kwamba yule maskini wa theluji ndiye Pugachev mwenyewe! Mwasi halisahau koti lile, anamwachilia.

Huenda mmoja wenu akasema, “Huruma kwa muuaji ni dhuluma kwa waliouawa.” Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Lakini angalieni vema alivyofanya Pushkin. Hakuuficha mti wa kunyongea. Kapteni mwema wa ngome ananyongwa mbele ya macho yetu, na mkewe mzee anauawa vilevile. Mtungaji hasemi kwamba wema mmoja wafuta damu. Asema tu kwamba mikono iliyomwaga damu ndiyo hiyo hiyo iliyolipa fadhili, na kwamba anayetaka kusema kweli hana budi kuyasema yote mawili.

Hadithi ya pili ni ya Leo Tolstoy, Vita na Amani, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1865 ikamalizika mwaka 1869. Inasimulia habari za vita vya Napoleon, hasa mwaka 1812 jeshi lake lilipoingia Moscow na mji ukateketea. Pierre, Mrusi mpole asiye askari, anakamatwa na kudhaniwa kuwa mmoja wa wachoma moto. Anapelekwa mbele ya Davout, jemadari wa Kifaransa ajulikanaye kwa ukali. Kwa jemadari, Pierre ni nambari tu katika orodha. Kisha Davout anainua uso, nao wanatazamana kwa kitambo kidogo. Katika kutazamana huko kila mmoja anatambua kwamba mwenziwe ni mwanadamu. Wenziwe wengine wanapigwa risasi; Pierre anapona. Fundisho lake ni hili: ukatili hupenda orodha, kwa maana orodha haina macho.

Hadithi ya tatu nayo ni ya Tolstoy, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake mtungaji aliigeuza hukumu yake mwenyewe. Mwaka 1851 Tolstoy alikuwa kijana wa miaka 23 katika milima ya Caucasus, ambako Warusi walipigana na Waislamu wa milimani walioongozwa na Imamu Shamil. Mwaka huo shujaa mmoja wa Shamil, Hadji Murat, aligombana na imamu wake akajisalimisha kwa Warusi. Tolstoy alimwandikia ndugu yake barua, akalitaja tendo hilo kuwa la aibu. Mambo yakaishia hapo. Mwezi wa Aprili 1852 Hadji Murat aliwatoroka Warusi, akauawa akipigana.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka 1896 Tolstoy, sasa mzee, alipita kando ya shamba lililolimwa, akauona mmea wa mbaruti umevunjwa na kuchafuliwa, lakini ungali umesimama. Akamkumbuka Hadji Murat. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1904 aliiandika na kuiandika tena hadithi yake, akitafuta habari katika vitabu, barua na vinywa vya watu. Yule aliyedhaniwa msaliti akawa baba ambaye mama yake, wake zake na watoto wake wameshikwa na Shamil, na ambaye Warusi wanampa ahadi zisizotimizwa. Tena alikuwa mtu wa sala, mwenye haya na mwenye tabasamu la mtoto. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hadithi ilichapishwa mwaka 1912, mtungaji amekwisha kufa, na wakaguzi wa serikali waliyakata maneno yaliyomgusa Tsar Nicholas wa Kwanza.

Na hapa pana jambo la kutafakari. Tolstoy alimwonea huruma shujaa wa milimani, lakini Tsar hakumwonea. Amemchora akiwa mwenye majivuno, anayeamuru mwanafunzi wa Kipolandi apitishwe mara 12 kati ya askari 1,000 wenye fimbo, huku akijisifu kwamba Urusi haina adhabu ya kifo. Je, haki ilitendeka? Nadhani Tolstoy angejibu kwamba Tsar tayari alikuwa na wasifiaji wengi, na aliyeuawa hakuwa na hata mmoja. Jibu hilo lina nguvu, ila halitoshi kabisa. Maana kama kila mwanadamu ni mpana kuliko tendo lake, basi na mfalme ni mwanadamu. Hata mwalimu mkuu wa huruma aliufikia mpaka wa huruma yake. Tusishangae sisi tukiona mpaka wetu u karibu zaidi.

Basi tuseme nini? Tendo ovu liitwe ovu, na mwenye kudhulumiwa apewe haki yake. Huruma isiyojua hilo ni uvivu wa moyo. Lakini tendo ni kitu kimoja, na mtu ni kingine. Tendo laweza kupimwa kwa siku moja. Kumpima mtu kulimchukua Tolstoy zaidi ya miaka 40, naye alikuwa na akili kuliko wengi wetu. Enyi vijana, mwenzenu atakapopachikwa jina baya shuleni au kijijini, na wote mkalikariri kama wimbo, kumbukeni koti la ngozi ya sungura, kumbukeni Davout alipouinua uso wake kutoka katika orodha. Ulizeni kwanza mtu huyo ni nani, ndipo mseme.