Nani Anayeficha Maradhi?

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi wenye jamaa Ibra, Sur na Nizwa huitumia methali hii kumlaumu mgonjwa. Lakini tujiulize: mwanaume anayependa wanaume, akiwa na VVU, amwambie nani? Sheria ya jinai ya Oman ya mwaka 2018 inaweka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3 kwa mapenzi ya jinsia moja. Daktari akimwuliza ameambukizwa vipi, jibu la kweli ni kukiri kosa. Dawa zipo, akizimeza ipasavyo, virusi vikapungua hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe. Basi siri ya mgonjwa ni amana. Tukiitangaza barazani, kilio kitakapomfichua yeye, kitatufichua na sisi.