Ufipa Inangoja Wachezaji

Vijana wa Sumbawanga, amkeni mtoke nje! Mnaishi kwenye uwanja wa michezo ambao hakuna mkandarasi aliyeujenga, na kila siku mnaupita ndani ya basi, macho kwenye simu.

Wapenzi wa gofu husafiri mbali na kulipa fedha nyingi wakitafuta majani mafupi, upepo, vilima vya upole na upeo wa macho usiozibwa na ukuta. Ufipa yetu, nyanda hizi za juu zinazouzunguka mji wa Sumbawanga, inavyo vyote, tena bure, pamoja na baridi ya Juni inayomsukuma mtu atembee badala ya kujikunyata.

Mtaniambia gofu ni mchezo wa mabosi. Sikubali. Mchezo huu ulikulia Scotland, kwenye ardhi ya mchanga na majani kando ya bahari, isiyofaa kulimwa, ambako kondoo ndio waliokuwa wakifupisha majani. Uwanja mkongwe wa St Andrews ni mali ya umma, na mpaka leo kwa kawaida Jumapili hauchezewi, ili wananchi wautembelee kwa miguu. Sasa nenda kwenye malisho yetu mwezi Mei, mvua zikishakatika, uone ng'ombe walivyoyasawazisha majani. Weka mpira pale alfajiri, umande ungali umelala. Upige chinichini uone unavyokata mstari wa kijani kibichi kwenye weupe wa umande, ukirusha vitone vya maji, hadi usimame wenyewe. Upige juu, na hapo mwinuko utakusaidia: Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na pigo lile lile hufika mbali kuliko Dar es Salaam.

Na kupiga mpira ni sehemu ndogo tu. Mashimo 18 huchukua kama saa nne, na katika muda huo kupiga mpira kwenyewe huchukua dakika chache mno. Kinachobaki ni kutembea kilometa saba, nane au zaidi, kuongea na mwenzako, kupima upepo, kutazama mbali. Basi hata asiye na fimbo raha kubwa ya mchezo huu anaimudu leo hii. Panda milima ya Mbizi, juu ya mji. Msituni humo kuna mbega wekundu, na ukifika ukingoni Bonde la Rukwa linafunguka zaidi ya mita 1,000 chini yako. Au shuka Kalambo, kwenye maporomoko yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani na Zambia. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walichimbua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale kiasi cha miaka 476,000 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Mahali hapa palipendwa zamani sana, jamani, sisi tunachelewa nini?

Na uwanja wa gofu wenyewe unawezekana. Mufindi wanacheza gofu katikati ya mashamba ya chai. Madina Iddi wa Arusha, mchezaji wa gofu, ameshinda mataji ugenini akiwa Mtanzania kama sisi. Ili kuanza, si lazima kuwa na majani ya gharama kuzunguka mashimo. Viwanja vingi Afrika vilianza na mchanga uliochanganywa na oili, ukasawazishwa kwa reki. Mashimo tisa yanatosha, na ng'ombe wanaweza kuendelea kuchungwa pembeni.

Kwa hiyo ombi langu kwa Manispaa ya Sumbawanga ni hili: tengeni eneo la wazi sasa, kabla halijakatwa lote kuwa viwanja vya nyumba, liwe la watu kutembea na kucheza. Walimu wa michezo, wapelekeni wanafunzi huko. Nawe unayesoma, Jumamosi usilale. Vaa sweta, mchukue rafiki, mshike njia ya Mbizi mapema.