Kura ya Aliye Mbali

Oktoba 2015 nilikuwa Leipzig, Ujerumani, katika mwaka wa pili wa masomo. Nyumbani Tanzania Uchaguzi Mkuu ulikuwa tarehe 25 ya mwezi huo. Mimi sikuwa na kura, kwa sababu kwetu mtu hupiga kura katika kituo alichojiandikisha, na huko ughaibuni hakukuwa na kituo. Lakini nilikuwa na simu. Jumatano nilituma ada ya mtoto wa mdogo wangu pamoja na fedha kidogo za dawa za mama. Alhamisi nikampigia mdogo wangu, nikamwambia nani wa kumchagua, na kwamba amfikishie mama pia. Akajibu, "Sawa kaka, tumekusikia." Nikakata simu nikiwa na amani kabisa, kama mtu aliyetimiza wajibu wake wa uraia.

Mgombea mwenyewe simtaji. Hata angekuwa malaika, ninachotaka kukisema kingebaki kilekile.

Je, raia anayeishi nje ya nchi yake ana haki ya kuwachagulia viongozi ndugu zake waliobaki? Wenzetu wa Kenya walikwisha kujibu ndiyo. Katiba yao ya mwaka 2010 iliagiza raia walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, na mwaka 2013 wakaanza kupiga kura Wakenya waliokuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Hupiga kura ya rais tu. (Jambo hilo hunichekesha kidogo: aliye mbali anamchagua mkuu wa nchi nzima, lakini hahusiki na diwani anayefuatilia bomba la maji la mama yake.)

Wanaopinga wana hoja nzito, na nisingependa tuipite haraka. Serikali ikikosea, bei ya mahindi hupanda katika soko la Usa River. Kule Leipzig mimi niliendelea kununua mkate kwa bei ileile. Kumchagulia mwenzako mzigo ambao wewe hutauweka begani si jambo dogo mbele za Mungu. Hata hivyo, anayesema aliye nje habebi chochote hajawahi kuamshwa saa nane za usiku na simu ya kwamba zahanati haina dawa na fedha zinahitajika kabla ya asubuhi. Tena aliye mbali anaweza kuwa na nafasi ambayo wa nyumbani huikosa: hakuna jirani wala kiongozi wa mtaa atakayemtazama kwa jicho baya kwa sababu ya chaguo lake. Kwa hiyo mimi naona sheria ikimfungulia mlango haikosei. Kinachonisumbua ni kwamba hata pale mlango ulipofungwa, wengi wetu tulikwisha kuingia kwa dirishani.

Nilikuja kulitambua hilo kwa msaada wa bibi mmoja, mzee wa kanisa katika usharika niliokuwa nikisali. Alikuwa mtu mzima tayari enzi za Ujerumani ya Mashariki, na alikuwa miongoni mwa watu waliokusanyika kwa maombi ya amani ya Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai mwaka 1989. Aliniambia kuwa katika chaguzi za zamani ulipewa karatasi yenye majina yaliyokwisha kupangwa, ukaikunja, ukaitumbukiza, ukaenda zako. Anayeingia kwenye chumba cha siri alitiliwa shaka. Tarehe 18 Machi 1990, katika uchaguzi wao wa kwanza huru, alikaa ndani ya chumba kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuwa humo peke yake. Kisha akaniuliza, "Na ninyi, mlio huku, mnapigaje?" Nikamweleza kwa fahari habari za simu yangu. Hakunikemea. Alisema tu, "Kumbe ndugu yako alikunja karatasi."

Yeremia 29 tunaihubiri sana kwa walioko ughaibuni, kwamba wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji walikohamishwa. Tunaishia hapo. Msomaji wangu, usifunge Biblia. Nenda mpaka mwisho wa sura. Yuko mtu aitwaye Shemaya, naye yuko Babeli pamoja na waliohamishwa. Ujumbe wa Yeremia haukumpendeza, basi akaandika barua kwa watu wa Yerusalemu na kwa kuhani Sefania, akitaka nabii akamatwe na kufungwa. Aliandika kana kwamba Yerusalemu ni shamba lake lenye msimamizi. Sisomi popote kwamba aliwauliza wanaishije.

Nehemia alikuwa mbali vilevile, mtumishi katika jumba la mfalme huko Shushani. Hanani alipofika, Nehemia alianza kwa kuuliza: waliobaki wana hali gani, na mji ukoje? Akalia, akafunga, kisha akafunga safari, na alipofika alizunguka usiku akiutazama ukuta uliobomoka kabla hajamwambia mtu yeyote la kufanya. Najua kwamba si kila mmoja anaweza kufunga safari. Kuuliza kila mmoja anaweza.

Mwaka 1523 Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya kidunia na mipaka ya kuitii. Katika siku zake wakuu hawakupigiwa kura na mkulima, hivyo tusimlazimishe kusema asiyoyasema. Lakini mawili aliyoyafundisha humo yananihukumu. La kwanza, Mkristo huitumikia mamlaka hiyo kwa ajili ya jirani yake, si kwa faida yake. La pili, mamlaka hiyo haina nguvu juu ya roho ya mtu, kwa kuwa hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwingine. Kura si imani, nakubali. Hata hivyo hutoka katika chumba kilekile cha ndani, dhamiri, na mimi niliingia katika chumba cha mdogo wangu nikiwa na risiti ya ada mkononi.

Rafiki yangu Mkenya, tuliyeimba naye kwaya kule Leipzig, alipanda treni kwenda ubalozini Berlin tarehe 9 Agosti 2022 kupiga kura yake. Siku chache kabla alimpigia shangazi yake, mkulima wa Kitale. Hakumwuliza habari za wagombea. Aliuliza bei ya mbolea, na kama watoto wa jirani bado wanasoma. Baadaye aliniambia kwamba baada ya simu ile alibadilisha chaguo lake, ingawa shangazi hakutaja jina la mtu hata mmoja.

Mimi niliporudi nyumbani mwaka 2016, nilimwuliza mama kuhusu simu yangu. Alikuwa akichambua maharage. "Mchungaji," akasema (akiniita hivyo najua nimekosa), "ulituma fedha Jumatano, ukapiga simu Alhamisi. Ulitaka tukujibu nini?" Mdogo wangu alikiri kwamba alimchagua niliyemtaja. Yeye alikuwa na wake, kwa sababu ya maji ya kijijini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Kaka, nilikuwa na deni lako."

Nilimwomba msamaha. Alisema yamekwisha, lakini kwa miaka kadhaa hakuzungumza siasa mbele yangu.

Tarehe 28 Oktoba 2020 tulikwenda kupiga kura sote watatu, mama tukimshika mkono kwenye mteremko. Sikuuliza kitu. Wakati wa kurudi, mama akiwa ametangulia kidogo, mdogo wangu alianza mwenyewe kunieleza aliyemchagua na sababu zake. Hakuwa wangu. Tulibishana mpaka mlangoni, na mama akatuambia tunyamaze tunywe chai.