Fahari ya Aliyebaki Nyumbani

Msomaji mwenzangu, swali langu ni dogo lakini linaninyima usingizi. Mtu ambaye hajavuka hata Himo, ana haki gani ya kumwonea fahari askari aliyekufa Kongo?

Pita kijiwe chochote cha Mbuyuni usikilize. Jeshi likitajwa tu, kila mtu jenerali. "Tulimpiga Amin, bwana!" anasema kijana aliyezaliwa miaka ishirini baada ya Amin kukimbia. Tulimpiga? Nani? Hiyo "tu" ni ndogo kwa umbo, lakini mzigo iliobeba si mchezo.

Wazee wetu nawaachia waitumie. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi, wakaunda UNLF ya kuongoza nchi yao, wakamweka Yusuf Lule mbele. Ukumbini watu wanagombania vyeo, huku wanajeshi na mgambo wetu, wengi wao wakulima wa juzi tu, wanakanyaga tope kwenda Kampala. Ikaanguka 11 Aprili. Halafu Mwalimu akawaambia wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18. Waulize akina mama wa Kibosho na Machame habari za foleni za sukari na sabuni. (Si vita peke yake iliyoleta dhiki ile, bei ya mafuta nayo ilipanda, lakini gharama ya vita waliibeba.) Kwa hiyo mzee akisema "tulimpiga", mimi nanyamaza.

Sisi je? 7 Desemba 2017, mwezi uleule ambao mabasi ya Dar hujaa watu wanaopanda mlimani kula sikukuu, walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini. Makumi wakajeruhiwa. Hakuna aliyetuambia tukaze mkanda. Tulisikitika, tukaendelea na mbege.

Rafiki yangu mmoja anasema basi fahari ya namna hiyo ni majivuno, tuitupe. Sikubali. Ukiitupa, yule askari anabaki kibarua tu aliyelipwa posho akafa kazini, na mkewe anabaki na msiba wake peke yake. Fahari isiyolipiwa si uongo, ni deni. Na deni lenyewe halilipwi kwa kupiga makofi gwaride likipita. Linaanza kulipwa kwa kujua: walifia wapi, walitumwa kufanya nini, watoto wao wanasoma?

Hapo wapo watakaodakia: usiulize, utawavunja moyo wapiganaji. Eti kuuliza ni usaliti! Mwaka 2013 vijana wetu, pamoja na wa Afrika Kusini, walilisaidia jeshi la Kongo kuwafurusha M23 kutoka pembezoni mwa Goma. Januari 2025 M23 haohao wakaiteka Goma. Ushujaa wa 2013 haukupungua hata chembe kwa hilo. Askari alifanya lake. Lakini mama wa Rombo aliyemtoa mwanawe ana haki ya kusimama mbele ya mheshimiwa yeyote, wa hapa au wa Umoja wa Mataifa, akauliza ni nani aliyelala kazini katika miaka yote ile. Wakimkaripia, sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaotakiwa kuwa tumesimama nyuma yake.