Meza ya Pool Haitaki Pupa

Mwanangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: meza za pool tunazozikarabati hapa Nambambo haziharibiwi na rangi mbaya, zinaharibiwa na haraka. Na haraka yenyewe ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, kila mwenye kibanda anataka meza yake ing'ae kabla pesa haijamwagika mtaani. Anakufuata Novemba, mawingu yamekwisha kujikusanya, anaitaka kesho kutwa. Nawe unakimbilia rangi ya gari kwa kuwa inakauka upesi.

Ubavu wa meza hizo ulipakwa rangi ya mafuta zamani. Thina kali ya rangi ya gari ikiigusa, inaivimbisha hadi ikunjamane. Basi kabla ya kununua chochote, chovya pamba kwenye thina, sugua mahali pasipoonekana, huko chini karibu na mguu. Rangi ikijikunja, ama uikwangue yote, ama ubaki na rangi ya mafuta. Tena siku ya unyevu thina inapofuka upesi huupoza ubao, umande unatua juu ya rangi mbichi, na ikikauka unakuta ukungu mweupe kama maji ya mchele. Kupaka tena juu yake siku hiyohiyo hakusaidii.

Najua unaipenda bunduki ya kupulizia. Inalaza rangi vizuri kuliko mkono wowote, sibishi. Lakini kompresa isiyochujwa maji inatema matone, na uani kwetu vumbi halilali. Ile rangi ya kuchanganya na hadena ndiyo inayonikosesha usingizi: mvuke wake unaweza kukuachia pumu ya maisha, na kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Wewe bado kijana, mwanangu.

Kwa hiyo shika rola ndogo ya sponji na rangi ya mafuta. Rangi ya zamani ipige msasa wa maji, usiipige kavu, kwani rangi nyingi za kale zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto wanaocheza hapo. Ziba mashimo kwa pati, paka praima, kisha mikono miwili myembamba, kila mmoja ukauke siku nzima. Kingo za plaiwudi zipe praima mara mbili, maana ndizo zinazonywa maji.

Zile nyota nyekundu tunazopaka ubavuni zina siri yake. Ukishabandika utepe wa karatasi, pitisha kwanza rangi ileile ya chini kwenye ukingo wa utepe. Itakayopenya haitaonekana, na mwanya utakuwa umezibwa. Ndipo upake nyekundu, brashi ikiwa karibu kavu, na utepe uung'oe rangi ingali mbichi.

Ikishikika mkononi usidhani imekomaa. Iache wiki nzima kabla watu hawajaiegemea. Mwenye meza akija juu, mlete kwangu, nitazungumza naye mimi.